Uzi kwenye Mfuko wa Bunduki

Mtutu wa bunduki ya shabaha una umri wake. Wangu ulikadiriwa kuvumilia risasi elfu mbili, baada ya hapo ungeanza kutawanya, nami niliutunza kwa ajili ya mchujo wa timu ya taifa. Kwa hiyo nilifanya mazoezi bila risasi. Kila asubuhi kabla ya chai nililala kifudifudi sebuleni, nikalenga kitone nilichochora ukutani na kufyatua bunduki tupu mara hamsini. Jumamosi nilipiga risasi kumi uwanjani, basi, nikaziandika daftarini. Na kila siku, nipige nisipige, nilisafisha mtutu.

"Shemeji, unausugua kama sufuria iliyoungua," mdogo wake mke wangu alinitania.

Uwanjani tulimwita Kobe, kwa jinsi anavyochelewa kufyatua. Aliishi kwetu tangu ahamishiwe kazi huku. Bunduki yake ilikaa kabati moja na yangu, zilitumia risasi za aina moja, na ufunguo wa pili alikuwa nao yeye.

Wiki tatu kabla ya mchujo, risasi zangu kumi, ambazo kwa kawaida sarafu moja ingezifunika, zilitawanyika upana wa kisosi. Daftari lilisema nimepiga mia tisa tu. Sasa nani aliyeuchakaza mtutu wangu? Nikaanza kumtazama Kobe kwa jicho la pembeni. Alama zake zilikuwa zimepanda, na siku hizi alikuwa mtu wa kuaga tu: "Napita uwanjani mara moja." Mara moja gani hiyo ya saa mbili?

Nikanyoosha uzi mweusi juu ya zipu ya mfuko wa bunduki yangu, nikaushika kwa mate. Kila nilipomaliza kusafisha niliurudisha. Siku nane niliukuta palepale. Siku ya tisa ulikuwa sakafuni.

Sikusubiri. Nilimwambia mezani, mbele ya dada yake, kwamba anaitumia bunduki yangu.

"Mimi, shemeji?"

"Ushahidi ninao."

 Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka karibu na chumvi, akaenda kufunga begi lake. Mke wangu alikula akamaliza bila kuniangalia.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa bunduki. Aliingiza kamera nyembamba ndani ya mtutu.

"Huku ndani bado mzima. Hata elfu haijafika," akasema. Kisha akaugeuza mdomo wa mtutu kwenye taa. "Ila tazama ukingo huu, umeliwa upande mmoja. Ufito wa kusafishia unauingizia wapi?"

"Huku mbele. Ni haraka."

"Kila siku?"

Nikaitikia kwa kichwa. Aliniambia ukingo ule ndio kitu cha mwisho risasi inachogusa, ukiharibika risasi inakwenda inakotaka. Angeukata upya. Nirudi kesho kutwa.

Niliporudi, mtutu ulikuwa umepona. Nilichukua ufunguo nikaenda chumba alichopanga Kobe, nikamweleza yote pale mlangoni, nikamwomba radhi. Niliona aibu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na ule uzi," akasema, "umeutoa?"

"Uliuona?"

"Tangu siku ya kwanza. Nikitoa bunduki yangu, inagusa mfuko wako, uzi unadondoka. Nikawa naurudisha palepale, ili shemeji upate usingizi. Siku ile nilikuwa nachelewa kazini."

Nilinyoosha mkono wenye ufunguo. Aliuangalia, akaniaga kwa heshima zote, akafunga mlango.