Mtamba wa Zizi la Nyuma

…anaunguruma tena, usiku wote huu, sauti inatoka zizi la nyuma kama geti la chuma linaloburutwa kwenye kokoto, na kila mara yule mtamba, ng’ombe wa uzazi wa kwanza, akilia, kifua cha mama huyu kijana kinalowa maziwa, gauni chapachapa, na mwanawe mwenyewe amelala fofofo begani, ameshiba, kwani maziwa yanajua anayelia ni nani… “Funga dirisha,” mumewe anasema, kampa mgongo, limefungwa tangu jioni, bwana, masikio yako ndiyo yako wazi, na yakuwashe vizuri… wewe ndiye unayewalisha, ukaona tumbo lile ukasema unono, wewe uliyejua dada yako ana mimba kabla hajajijua, lakini msimamizi wenu, huyo Mizani, akishasema ng’ombe ana uzito mzuri basi ana uzito mzuri, mwacheni ale, akala, akazaa mchana kwenye samadi ya magotini, wenzake wamebanana kama njiti kwenye kiberiti, ndama akakanyagwa na ute wake mwilini… “Alikuwa hai?” alimuuliza mumewe mezani, naye akacheka, akacheka! “Hapa tunanenepesha, mama mtoto, hatulei,” kisha akanyoosha mikono ile ile ambebe mtoto, akamnyima, akasingizia usingizi… na mtamba tangu azae miguu ya nyuma imekufa, Mizani kakataza sindano, eti dawa itaharibu nyama, alfajiri atafungwa mnyororo, trekta limburute hadi kwenye lori la machinjioni, mzima, macho yanaona… na nyumba hii ni ya kazi, wakifukuzwa kichanga hiki kitalala wapi, ee Mungu, kwa nini alipiga ile simu, akakosea namba mara ya kwanza, maji ya bafuni yakimwagika, na daktari wa mifugo akasema, nakuja kabla ya lori… “Ulikuwa unaongea na nani nikioga?” mumewe anauliza, sema mama, sema dada, sema yeyote… mtamba akaunguruma, kifua kikalowa tena, na hofu, sijui ilipitia wapi, ikamtoka kama maji kwenye pakacha.

“Daktari wa mifugo. Yuko njiani.”

“Umetuua, mwanamke! Nani mwingine anajua?”

“Hakuna.” Akamhamishia mtoto bega la pili. “Lala, baba mtoto. Mmoja ametosha. Sitamwambia mtu mwingine, nakuahidi.”