Meli Iliyopanda Treni

Pale kijijini Keza walimwita Mzee Fiksi, yaani mzee wa uongo, na kosa lake lilikuwa moja tu: alisema kweli. Philbert alikuwa baharia kwa miaka ishirini na miwili katika meli ya mabehewa, Mwanza hadi Kisumu, meli yenye reli juu ya sitaha. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa mpaka ndani ya meli, yeye na wenzake wanayafunga minyororo, wanapiga kabari magurudumuni, safari inaanza. Ukijaza upande mmoja kabla ya mwingine, meli inalala. Sasa nenda ukamweleze hayo mtu ambaye treni hajaiona wala ziwa hajalivuka! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alipostaafu akarudi kulima maharage, na ile kazi aliikumbuka kuliko alivyomkumbuka marehemu mkewe, Mungu amsamehe. Alikumbuka harufu ya grisi, na minyororo ikilia usiku kucha mawimbi yakichafuka. Alichotamani ni kumpata mtu mmoja tu atakayeamini maneno yake kabla hajafa.

Siku moja alipeleka maharage Lukole, kwenye soko la kambi ya wakimbizi. Yakaisha mapema, akaingia kwa Bonifasia, mama muuza rubisi, ile pombe ya ndizi. Pale wanakunywa chungu kimoja kwa mirija mingi, na mrija wako humpi mtu usiyemwamini. Mzee Sindayigaya, Mrundi wa miaka sabini na ushee, akamsogezea wa kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye wa treni kupanda meli. Hebu nisimulie."

Philbert akasimulia. Mzee hakucheka hata kidogo. Aliuliza minyororo ilikuwa minene kiasi gani, akauliza behewa likichomoka inakuwaje. Philbert nusura alie kwa furaha.

Kisha Sindayigaya akafuta mdomo. "Sasa na mimi nikupe ya baba yangu. Enzi za Wajerumani, pale Kigoma, alipakua meli kutoka kwenye treni. Meli nzima, vipande vipande, ndani ya makasha."

Pombe au upumbavu, hata sijui niseme nini. Philbert aliangua kicheko. "Treni ibebe meli? Mzee, hiyo fiksi!" Kilabu kizima kikacheka, na kwa mara ya kwanza hakuchekwa yeye, basi akazidisha. Sindayigaya akautoa mrija wake chunguni, akaukung'uta, akaondoka.

Ikapita miezi minane. Philbert akawa anauza maharage kwingine.

Asubuhi moja walikuwa wakipalilia na binti yake Suzan, naye kwa utani akauliza, "Baba, lile ziwa lenu lina mlango wa kutokea baharini?"

"Halina."

"Na meli yenu iliingilia wapi?"

"Ilifungwa palepale Kisumu. Vyuma vilitoka Ulaya."

"Kutoka pwani hadi Kisumu vilifikaje?"

Philbert akasimamisha jembe. Lo! Kwa treni. Meli aliyoitumikia ujana wake wote ilikuja imepanda treni, na yeye amemcheka mzee wa watu mbele ya walevi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaliacha jembe palepale, akapanda baiskeli.

Alifika Lukole akakuta malori yamepanga mstari. Majina ya wanaorudi Burundi yalikuwa yameshasomwa. Sindayigaya alikaa juu ya lori la tatu, mkeka wake magotini.

"Mzee Sindayigaya, shikamoo!" Philbert alipaza sauti, watu wote wakageuka. "Nilikucheka mbele ya watu, naomba radhi mbele ya watu. Baba yako alisema kweli!"

"Marahaba. Hilo nalijua," mzee akajibu. "Na ya kwako niliiamini siku ileile. Unadhani kwa nini nilikupa ya baba? Sikuwahi kumwambia mtu mwingine."

Lori likanguruma, likaanza kwenda. Philbert akashika ubao wa ubavuni, akakimbia pembeni yake akiuliza makasha yalikuwa mangapi, nani aliyaunganisha, mzee naye akijibu kwa sauti kubwa, lakini injini ilimeza kila neno. Mwishoni mkono ukamponyoka.

Akasimama barabarani akilia kama mtoto. Mtu wake mmoja alikuwepo hapo Lukole miezi yote minane, mwendo wa saa moja kwa baiskeli, na yeye hakwenda.