Maji ya Kitambaa Chekundu

Jiwe la kwanza lilimpata Khaemba sikioni, akaangukia mkokoteni wake. Mitungi ikabingirika kwenye vumbi la Bondeni. Kabla hajainuka, Sydney alikuwa amemkanyaga mkono.

"Umeuzia bibi yangu sumu. Mtoto wangu yuko hospitali anaharisha damu."

"Boss, hiyo maji ni ya kisima. Ni ya kufua. Nilifunga kitambaa."

"Basi tutakuzika nacho," kijana mmoja akasema, na watu wakacheka.

Wote walikijua kitambaa hicho. Kisima kilikuwa karibu na vyoo, na maji yake yalikuwa ya kufua, kupiga deki na kumwaga chooni. Ndiyo maana wauza maji waliufunga mtungi wake kitambaa chekundu. Ila siku hiyo hakuna aliyetaka kukumbuka. Rungu lilimshukia Khaemba gotini, mfupa ukavunjika kwa sauti. Mtu akammwagia petroli.

Mitchelle, mke wa Sydney, alifika mbio akitokea hospitali, akamwangukia Khaemba kifuani.

"Ni mimi. Aliniambia ni ya kufua tu. Nikadhani ananitisha ninunue ile ya kunywa, ya bei ghali. Kwetu Molo maji ikiwa safi hivyo tunakunywa."

Sydney alimpiga kofi.

"Rudia."

Alirudia, damu ikimtoka mdomoni. "Nilimpa mtoto wetu Lewis kikombe mimi mwenyewe. Kama ni kuchoma mtu, nichomeni."

Aliyeshika kiberiti alikitazama, kisha akamtazama Sydney. Sydney akageuza uso. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuangaliana.

Mitchelle alivuta mtungi uliokuwa karibu ili amwoshe Khaemba petroli. Ulikuwa na kitambaa. Alisita.

"Shati, sawa," Khaemba akanong'ona. "Kidonda, hapana. Usoni, hapana."

Akamvua shati, akalisuuza. Akamwagia maji kifua na mgongo, akikinga goti na sikio kwa kiganja. Kwa vidonda akafungua mtungi usio na kitambaa.

"Mama, mtoto anaendeleaje?" Khaemba akauliza, meno yakigongana.

"Ako na dripu. Amefungua macho."

Mitchelle alipomwinua na kumlaza kwenye mkokoteni, Khaemba alipiga yowe. Sydney, ambaye bado alikuwa amesimama palepale, akainama akashika mipini. Hakuomba msamaha, na Khaemba hakumtazama. Sydney akaanza kuvuta kuelekea hospitali, akikwepa mashimo.