Kilo za Ngazi

Katika mtaa wetu hakuna kocha wa mbio anayenifikia. Nasema bila kuona haya, maana ni kweli: kocha ni mimi peke yangu. Na mara ya mwisho mimi mwenyewe kukimbia nilikuwa nafukuzwa na bata. Tena bata alinishinda.

Mwanafunzi wangu ni mwanangu wa kumzaa, yule wanayemwita Kontena. Kazi yake ni kuandika majina ya maduka na matangazo kwenye kuta ndefu. Akiandika herufi ukutani, hata asiyejua kusoma anasimama kuitazama. Mwili nao Mungu hakumnyima, na pale Mungu alipoishia, sahani zangu ziliendeleza.

Sasa, kazini kwao wakanunua ngazi mpya yenye karatasi ubavuni: mzigo usizidi kilo mia na ishirini. Msimamizi wao ni mtu wa kuamini kilichoandikwa. Akaisoma ile karatasi, akamtazama Kontena, akaisoma tena.

"Bwana mkubwa," akamwambia, "kuanzia leo wewe ni mtu wa chini. Changanya rangi, osha brashi."

Juu akapandishwa mwenzake, ambaye herufi zake zinatembea kama mlevi anayetafuta mlango. Kontena akawa anarudi nyumbani na rangi mikononi lakini hana cha kusimulia. Hapo ndipo nilipoogopa, maana huyu mtoto tangu ajue kusema hajawahi kukosa neno.

Halafu ikaja habari ya kinu cha unga. Wenye kinu walitaka jina lao lijae ukuta mzima, kutoka karibu na paa mpaka juu ya mlango. Kazi ingeanza miezi michache mbele. Msimamizi akamwambia, "Siku hiyo tutakupima hapohapo kwa mizani ya magunia. Ukitosha ngazi, ukuta ni wako. Usipotosha, chini utabaki moja kwa moja."

Nesi wa kliniki akampima: mia na thelathini na moja. Akamwonya asijinyime chakula bali ale kwa kipimo, na mbio aanze polepole, kidogo akimbie, kidogo atembee. "Tena unapokimbia uweze kuongea. Ukishindwa kuongea, ujue umezidisha."

Kuongea! Hapo nikajua kocha amepatikana.

Nikaweka kigoda changu getini, na chupa yangu ya chai pembeni. Kontena akawa anazunguka mtaa kila asubuhi: nguzo ya umeme mpaka nguzo anakimbia, mpaka nguzo inayofuata anatembea. Siku ya kwanza fulana ilipanda, bukta ikashuka, na katikati tumbo likachungulia kuona kuna nini. Fundi viatu wa jirani akapiga kelele dirishani, "Kontena! Bandari iko upande ule!"

Kila alipopita mbele yangu nilimtupia swali, nipime pumzi.

"Wewe na mkeo mlioana lini?"

"Mwezi wa... wa... sijui!"

"Hiyo si pumzi, huo ni usahaulifu. Zunguka tena!"

Mkamwana wangu akatoa kichwa jikoni. "Mama, akirudi muulize hilohilo."

Jikoni nako nilishapinduliwa. Mkamwana alileta mizani ndogo, kikombe cha kupimia na kijiko, akaanza kuhesabu kalori. Mimi tangu niolewe nilimimina mafuta mpaka mkono uchoke. Akanishika mkono kwa adabu. "Mama, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori nyingi kuliko ndizi nzima."

Nikamwambia basi hizo kalori ni kama ndugu za bwana harusi, huwaoni wakiingia, unashtukia tu viti vimekwisha. Kumbe ndivyo ilivyo. Haba na haba hujaza kitambi.

Ili mwanangu asijione anaadhibiwa, nikaapa mbele ya wote kwamba na mimi nitakula kwa kipimo kama yeye, na chai nitakunywa bila sukari.

"Hata wewe, Mama?"

"Hata mimi. Mzazi hamtumi mtoto mahali asipokwenda mwenyewe."

Machozi yalimlengalenga, maskini. Na zile mbio zikampendeza zaidi. Ila mkamwana akaanza kulalamika kwamba sukari kabatini inapungua na hakuna anayeitumia. Nikamwambia ni sisimizi. "Sisimizi wa siku hizi, mwanangu, hawana haya."

Msidhani mambo yalinyooka tu. Kuna wakati mizani ya kliniki iligoma kabisa kushuka. Kontena akarudi, akavitupa viatu vya mbio uvunguni, akakaa kitandani kama gunia.

"Ngazi haikutengenezwa kwa watu kama mimi, Mama."

"Ngazi hupandwa kidato kimoja kimoja," nikamwambia. "Umeshamwona nani anaruka mpaka juu? Lete viatu hivyo. Nguzo za umeme bado ziko palepale, hazijahama."

Asubuhi akatoka. Nikamuuliza swali lile la ndoa. Akanitajia mwezi, tarehe, na kwamba mvua ilinyesha mpaka keki ikalowa, yote bila kuhema. Jikoni kijiko kikaanguka.

Siku ya kinu ikafika. Kliniki alishapimwa kilo mia na kumi na saba, kwa hiyo tulikwenda vifua mbele. Kontena akavua viatu apande mizani. Msimamizi akainua kidole.

"Hapana. Vaa viatu, na mkoba wa kazi kiunoni. Mtu hapandi ngazi mikono mitupu."

Lo! Katika kuhesabu kwetu kote, mpaka kijiko cha mafuta, hakuna aliyeukumbuka mkoba. Kontena akaufunga, akapanda. Mshale ukaenda, ukaenda, ukaipita mia na ishirini, ukasimama mbele yake kidogo. Yule mwenzake wa herufi za kilevi akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikamtazama mwanangu kiunoni. Mkoba ulikuwa umevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Wewe," nikamwambia, "hapo umebeba duka la nani?"

Akainama kutazama. Akacheka taratibu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ashushwe. Akatoa kopo la kuchanganyia rangi, akampa mwenzake. "Hili ni la mtu wa chini." Akatoa chupa ya mafuta ya taa ya kuoshea brashi. "Na hii." Matambara, brashi chafu za watu, kopo jingine. "Na hivi. Na hili." Mwenzake alijaa mikono mpaka kidevuni. Kontena akabaki na brashi zake mbili, chaki, na uzi wa kupigia mistari.

Mshale ukarudi nyuma ya mia na ishirini, ukatulia. Msimamizi akavaa miwani, akaivua, akasema neno moja tu:

"Panda."

Alipanda, mimi nikitazama kwa katikati ya vidole. Ngazi haikulia hata kidogo. Akavuta uzi, akapiga mstari, akachora herufi ya kwanza, imesimama kama askari. Mkamwana alipiga kigelegele mpaka wafanyakazi wa kinu wakatoka na unga usoni.

Aliposhuka alikuwa na kiu, na chai yake aliisahau nyumbani. Kabla sijaificha yangu chini ya kanga, akainyakua chupa, akamimina, akapiga funda moja. Akakitazama kikombe. Akapiga la pili, polepole. Akampa mkewe kikombe, naye akaonja. Wote wawili wakanigeukia.

"Mama," akasema mkamwana, "kumbe wale sisimizi wamehamia kwenye chupa yako?"