Bakubwa Babaki, Badogo Batoke

Mjukuu wangu Ketsia alikuwa na kompyuta moja ya kukunja, iliyovushwa kutoka Kigoma ndani ya gunia la unga. Aliiweka katika chumba cha mbao nyuma ya nyumba, ambamo marehemu babu yake alikuwa akihifadhi ndagala, dagaa wa ziwani, akaiunganisha na skrini kubwa, na vijana wa mji wetu wa Baraka wakawa wanakuja kucheza mpira humo. Sikuwakataza. Miezi ile milio ya bunduki ilisikika kwanza upande wa Mboko, kisha upande wa Nundu, na kijana aliyeketi mbele ya skrini ya Ketsia alikuwa kijana ambaye bado hajachukuliwa na mtu kwenda milimani.

Tatizo lilikuwa kwamba mpira ulikwama. Mchezaji alikimbia, akasimama ghafla mguu ukiwa hewani, kisha akaonekana mbele ya goli bila mtu kujua alipitia wapi. Vijana walizomea. Na Jumamosi ile, saa kumi, Ketsia alikuwa amewaahidi mashindano.

Asubuhi hiyo alinieleza kisa chake jikoni, akiniita Koko, yaani bibi, kama kawaida. Ndani ya mashine zimo sehemu zinazofanya kazi ya kufikiri, na Wafaransa huziita cœur, yaani mioyo. Mashine yake ilikuwa na mioyo mikubwa yenye nguvu, na midogo iliyowekwa kwa ajili ya kubana umeme. Kwa kuwa sisi tulitumia betri ya jua, mashine ilikuwa ikiutupa mchezo kwenye ile midogo, kisha inaurudisha kwenye mikubwa, kisha inautupa tena.

"Yaani Koko, bacœur bakubwa banalala, badogo ndio banatumika."

"Mioyo mikubwa inalala, midogo ndiyo inayotumika. Moyo si mtu, Ketsia."

"Eh, Koko! Hata mashine utaipiga fimbo ya grammaire?"

"Nitaipiga kwa sarufi, ikiwa inasema kama wewe."

Alicheka, akachukua simu, akatoka. Binamu yake Lionel, fundi wa kompyuta, alikuwa Uvira, na Uvira wakati huo ilikuwa mikononi mwa upande mwingine. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu katika kiwanja chetu, penye ua unaopakana na barabara, na hata hapo ilibidi mtu apaze sauti. Nilimsikia nikiwa namenya mihogo.

"Lionel! Nimeelewa! Bakubwa babaki, badogo batoke bote! Ndiyo! Batoke mbele ya saa kumi!"

Nilitaka kumsahihisha papo hapo. Kisha nikaona, juu ya ua, kofia ya askari iliyokuwa ikipita ikisimama.

Walikuja kabla mihogo haijaiva. Mbele alitangulia komanda wa kizuizi cha barabara, mtu wa mbali aliyejifunza Kiswahili kambini, na nyuma yake Bonaventure, mtoto wa hapahapa Baraka, niliyemfundisha darasa la tatu.

"Ketsia ni nani?" komanda aliuliza. "Leta batelefone yote. Na bachaji."

Ketsia alivileta.

"Ulisema na nani kule Uvira?"

"Na kaka yangu Lionel, komanda. Anatengenezaka bamashine."

"Bonaventure, rudilia ile ulisikia."

Bonaventure alitazama chini. "Alisema: bakubwa babaki, badogo batoke bote, batoke mbele ya saa kumi."

Komanda alimsogelea Ketsia. "Leo saa kumi batoto bangu ba kizuizi, badogo bote, banaenda Mutambala. Bakubwa tunabaki. Hiyo neno ilikuwa ya kwangu na ya bamajor. Nani alikuambia?"

"Komanda, mi nilikuwa nasema bacœur. Ya mashine."

"Mashine iko na bakubwa na badogo?" Akawageukia askari wake. "Tunamupeleka."

Kila mtu Baraka aliijua nyumba iliyo karibu na kile kizuizi. Aline, binti wa jirani yetu Émilienne, aliingizwa humo kabla ya mvua, na mvua zilikuwa zimekwisha.

Nilisimama kati yao na mlango. "Anasema kweli. Alizungumzia vitu."

"Mwalimu, unisamehe," akasema Bonaventure, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. "Wewe mwenyewe ulitufundisha. Kwa ubao uliandika: wa-, ile ba- yetu, ni ya batu na banyama. Kintu haina wa-. Ulinipigisha magoti sababu niliandika 'bakiti'. Sasa huyu hakusema mikubwa. Alisema bakubwa. Ni batu."

Wote walinitazama. Ningeweza kudai kwamba alisikia vibaya, lakini Ketsia, kwa hofu, alikuwa tayari ameitikia kwa kichwa kwamba ndivyo alivyosema. Kanuni ilikuwa yangu. Niliirudia miaka na miaka mbele ya watoto wa mji huu, nayo ilikuwa sahihi, na sasa ilikuwa imemshika mjukuu wangu mkono.

"Komanda," nikasema, "ulipoingia hapa uliomba nini?"

"Batelefone."

"Na nini tena?"

"Bachaji. Kwa nini?"

"Hao bachaji wana mama? Walibatizwa wapi?"

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Nilichokiandika ubaoni ni Kiswahili kinavyopaswa kuwa," nikaendelea. "Huyu anasema kama mnavyosema ninyi. Bamoto, baboutique, bachaise: pikipiki, duka, kiti, vyote kwenu ni watu. Nimepigana naye tangu alipoanza kusema, na hajanisikiliza hata siku moja. Ukitaka kumfunga kwa ajili ya 'ba-', mfunge na Bonaventure, na wewe uwafuate."

Komanda hakucheka. "Nionyeshe hao bakubwa," akamwambia Ketsia.

Tuliingia katika chumba cha ndagala. Taa ya betri ilikuwa imekwisha kuwa ya manjano. Ikigeuka nyekundu, mashine ingezimika, na maneno yetu yangezimika nayo. Ketsia alibonyeza akakosea, akabonyeza tena. Mchezo ulichukua muda mrefu kufunguka, na komanda alihesabu kwa vidole juu ya bunduki yake.

Mpira ulianza. Mchezaji alikimbia, akakwama.

"Ona, komanda, hapa badogo ndio banatumika," akasema Ketsia kwa sauti nyembamba. Alifungua orodha ya kazi za mashine, akautafuta mchezo, kikatokea kidirisha chenye safu ya visanduku vyenye alama. Akaondoa alama za mioyo midogo, moja baada ya moja. "Sasa bametoka. Jaribu."

Komanda aliketi, akashika kidude cha vitufe. Mchezaji wake alikimbia hatua chache, akasimama, mguu hewani.

Komanda aliweka kidude chini polepole, akamshika Ketsia mkono juu ya kiwiko.

"Bado!" Ketsia alilia. "Bado, papa, nimesahau! Inabana umeme! Inabana hata bakubwa! Uniache niitoe!"

Hakumwachia; mkono wake mmoja tu ulikuwa huru. Kwa mkono huo Ketsia aliondoa ule mpango wa kubana umeme, huku mimi nikiitazama ile taa ya manjano na kuisihi moyoni.

Komanda alimkabidhi askari mkono ule, akacheza tena. Mchezaji alikimbia, akawapita wawili, akapiga. Goli. Alicheza mara nyingine, na mpira ulitiririka kama maji ya mto Mutambala.

"Rudisha badogo," akaamuru.

Ketsia alirudisha alama. Mpira ukakwama.

"Batoe."

Ukatiririka.

Nadhani komanda alikuwa amesikia kinywa chake mwenyewe kikisema 'badogo' juu ya vitu. Alisimama, akamwashiria askari auachie mkono wa Ketsia, akatoka na simu zetu zote pamoja na bachaji wake. Bonaventure alipita karibu yangu, akasema "Mwalimu" tu. Nyuma yetu taa ikawa nyekundu, mashine ikazimika.

Mashindano hayakuwapo. Jioni Ketsia alikuwa na alama za vidole kwenye mkono, nami nilimkanda kwa maji ya chumvi.

Alipata simu nyingine baadaye. Siku ya kwanza aliyompigia Lionel, alisimama palepale penye ua, nami nilikuwa namenya mihogo.

"Lionel," akasema. "Mioyo mikubwa imebaki. Mioyo midogo imetoka. Mchezo haukwami tena."

Alisema polepole, kila kiambishi mahali pake, kama mtoto aliye mbele ya ubao akiiona fimbo. Hicho ndicho nilichokidai kwake tangu alipoanza kusema. Niliweka kisu chini.

"Ketsia, zungumza na ndugu yako kama mnavyozungumza."

Alitazama barabarani kwanza. Kisha akanitazama mimi, akaendelea vilevile, bila kosa hata moja.