Siku Tano Nyavu Zikiwa Nchi Kavu

Mume wangu Gaston alipotea majini siku ya Jumanne, mwaka wa 1986. Wakati ule tulikuwa familia tisa kwenye kisiwa kidogo katika ziwa la Nzilo, na kazi yetu sote ilikuwa samaki. Upepo mkali ulitokea mchana. Mtumbwi wake ulionekana umepinduka kati ya matete. Yeye hakuonekana.

Sheria yetu ilikuwa hii: mtu akimezwa na maji, nyavu zote zinapandishwa nchi kavu. Hakuna anayevua mpaka mwili upatikane, au mpaka mke wake aseme mbele ya watu kwamba anamwachia Mungu. Kuvua kabla ya hapo ni sawa na kumtafuna ndugu yako.

Wanaume walimtafuta kwa makasia na kwa kulabu. Mimi nilisali rozari. Nilimwambia Bikira Maria: Gaston anajua kuogelea, huenda amefika ng'ambo, huenda amelala kwa watu fulani akiwa na homa. Sikuwa ninajidanganya. Niliamini hivyo kweli.

Siku ya nne unga wa bukari, ugali wetu, ukaisha. Wachuuzi wa ng'ambo hawakutoa unga ila kwa samaki. Stany, jirani yetu mwenye maneno mengi, alikaa karibu na nyavu zake zilizokauka.

"Angalieni," akasema, "wavu wangu umekuwa pazia. Nitautundika mlangoni, nikae kama bwana mkubwa wa mjini Kolwezi."

"Bwana mkubwa bila bukari," mke wake Charlotte akamjibu, akimwita tata, yaani baba, kama tunavyowaita wanaume. "Funga kinywa, tata. Mama Stéphanie anasikia."

Nilisikia. Nilisikia pia mtoto wao wa mwisho akilia kwa njaa, sauti yake nyembamba, na baadaye nikasikia amenyamaza. Kule kunyamaza kulinitisha zaidi.

Siku ya tano Kabamba, mkubwa wetu kisiwani, alikuja akaketi chini mbele yangu, kofia mkononi.

"Mama, mi siwezi kukulazimisha."

"Tata, nikisema neno hilo nitakuwa nimemuua."

"Ni maji yalimuua."

"Uliona mwili?"

Akaiweka kofia chini. Kisha akasema, "Niliona batoto ya Charlotte."

Nikaingia ndani, nikapiga magoti. Nilimwomba Mungu anipe alama, hata ndogo. Hakunipa. Sasa ninaishi mtaa wa Kapata, Kolwezi, nasali kila asubuhi, na bado sijajua kwa nini siku ile alinyamaza. Nilitoka nikasimama mbele ya wote.

"Gaston, ninamwachia Mungu."

Wanaume waliinuka haraka mno kuchukua nyavu. Moyo wangu uliwachukia, ingawa nilijua njaa yao.

Jioni walirudi mitumbwi imejaa. Samaki walikuwa wanono. Kabamba aliniletea wa kwanza, amechemshwa kwa chumvi, katika sahani ya bati. Mjane ndiye anayeanza kula. Asipokula, hakuna mwingine anayegusa chakula. Watoto walikuwa wameketi, macho yao yote kwangu.

"Huyu samaki alikula nini?" nilimuuliza Kabamba kwa sauti ndogo.

"Kula, mama," akasema. "Usiulize."

Nilifanya ishara ya msalaba. Nikamega nyama ya mgongoni, nikaitia kinywani, nikameza bila kutafuna. Nyuma yangu nikasikia watoto wameanza kula.