Kaburi la Florentin

Florentin hakuwahi kuzaliwa, lakini hapa Kindu alizikwa vizuri kuliko watu wengi waliokufa kweli. Aliyemtunga ni mama yangu, Élisabeth, wakati wa vita. Askari walikuwa wanabeba hadi sufuria yenye maharagwe motoni, basi mama akachimba shimo uani, akafukia diploma yangu ndani ya kopo la maziwa, akarundika udongo na kusimika msalaba. Jina alilitoa kichwani, akawaambia watu ni ndugu wa mbali. Askari wakaja, wakavua kofia kwa heshima, wakaiba kuku.

Vita vilipoisha, mama alikataa kufukua. Angewaambia nini majirani waliolia naye? Kila Agosti mosi, siku tunaposafisha makaburi ya wazee kabla ya kwenda kunywa, mtaa mzima ulikuja kumpalilia Florentin.

Sikujali. Fundi wa magari haulizwi diploma, anaulizwa kama gari litawaka. Lakini mwaka huu kampuni moja ya Japani ilikubali kuniajiri, na ili nipate visa, ubalozi kule Kinshasa ulitaka diploma yenyewe. Kuomba nyingine kungechukua muda, na kazi ingepewa mwingine. Nikachukua jembe.

Mama akakaa juu ya kaburi.

"Mama, toka! Humu hamuna muntu!"

"Iko Alain."

Alain ni kaka yangu. Alipanda mtumbwi kwenda Lokandu kutafuta chumvi, wakati wa vita vile vile, asirudi. Hata mwili haukuonekana. Miaka yote nilidhani mama analia pale kwa ufundi tu, uongo wake usije ukajulikana. Kumbe mjinga ni mimi.

"Ningemulilia fasi gani, Jérémie? Ku mayi?" akauliza, akinyoosha kidole kuelekea mtoni, mahali pasipo kaburi.

Nikatupa jembe. Basi, Japani kwaheri. Nilikuwa na hasira, na aibu kuliko hasira.

Mama ndiye aliyeliokota. "Utachimba. Lakini tumuzike mukubwa yako. Nimechoka kulia ku jina ya muntu mwingine."

Jirani yetu Hamidou alipoambiwa ukweli alifoka: miaka yote amepalilia karatasi! Kisha akashika koleo. Tulitoa kopo, tukaweka shati la Alain. Mama akamwita kwa jina lake, mtaa ukapasuka kwa kilio. Nililia hadi hasira yangu ikaisha.

Visa nilipata. Ila siku ya kuiomba, karani wa ubalozi aliigeuza diploma, akauliza doa jekundu ni la nini.

"Udongo wa kwa kaka yangu," nikamjibu, nikamwomba asilipanguse.